Gaju Asikimbizwe Mwaka Huu



Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili ili niseme neno juu ya jambo linalozungumzwa sana mabwenini tangu tuliporudi kutoka likizo. Najua kuwa wengi hawatakubaliana nami, na wengine watasema kuwa nasema kwa wivu au kwa woga. Hata hivyo yanipasa kusema, kwa sababu jambo lenyewe nalijua kuliko wengi, na kwa sababu kosa nitakalolieleza hapa chini nililifanya mimi mwenyewe.

Jambo lenyewe ni hili. Siku ya Wanafunzi wa Zamani inakaribia. Kamati ya wanafunzi imependekeza kuwe na mbio za farasi kuzunguka mapipa, watazamaji walipe kiingilio, na fedha zote zisaidie kulipa ada za wenzetu wasiojiweza. Mzee wetu mmoja, aliyesoma hapa zamani na ambaye sasa anafuga farasi watatu ubavuni mwa Mlima Kigali, amekubali kuwaleta. Wanafunzi wanataka farasi wa kwanza kukimbia awe Gaju, jike mchanga mwenye umri wa miaka 3, kwa kuwa ni mzuri wa sura na mwepesi wa miguu. Nami nasema hivi: wale wakubwa wawili na wakimbie, lakini Gaju asikimbizwe mwaka huu.

Kabla ya kutoa sababu zangu, niwaeleze kidogo wasiojua mambo ya farasi, nao ni wengi, wala si aibu. Farasi si mnyama wa kwetu. Babu zetu walijua ng'ombe, mbuzi na kondoo. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki mbung'o waliwaua farasi kwa ugonjwa wa nagana, na hata pale pasipo na mbung'o upo ugonjwa mwingine wa farasi uenezwao na visubi. Ndiyo maana mtoto wa Nyabugogo aweza kukua akiona mabasi ya Musanze, ya Huye, hata ya Kampala, kila siku ya maisha yake, asimwone farasi hata mmoja. Mimi ni mtoto wa Nyabugogo. Mama yangu anauza maharage si mbali na kituo cha mabasi. Farasi wa kwanza nilimwona nikiwa na miaka 16, juu ya Mlima Kigali, mahali paitwapo Fazenda Sengha, ambapo watu hulipa wakapandishwa farasi na kutembezwa. Sikuwa na fedha ya kupanda. Nilisimama tu nikatazama mpaka jua likatua, na tangu siku ile sikupata raha.

Mbio za mapipa zilianzia Marekani, katika michezo ya wachunga ng'ombe. Mwaka 1948 wanawake wa huko walianzisha chama chao wenyewe katika jimbo la Texas, na mchezo huu ukawa wao hasa. Mapipa matatu matupu husimamishwa kwa umbo la pembetatu. Kwa kipimo cha kawaida, la kwanza na la pili huachana kiasi cha mita 27, na la tatu huwekwa mbele, mita 32 kutoka kila moja la yale mawili. Mpanda farasi huingia mbio, akalizunguka pipa la kwanza kwa mkono wa kulia, kisha la pili na la tatu kwa mkono wa kushoto, halafu akarudi shoti moja kwa moja mpaka mstari alioanzia. Waweza pia kuanza upande wa pili na kugeuza mikono. Pipa likianguka, huongezewa sekunde 5. Farasi hodari humaliza yote kwa sekunde 17 hivi.

Asikiaye hayo hudhani kuwa kazi yote ni kasi. Nami nilidhani hivyo. Basi likizo ndefu iliyopita yule mzee wetu aliponikubalia nifanye kazi kwake, nilifika siku ya kwanza nimevaa viatu virefu vya kuazima, nikingoja kupandishwa. Mtunzaji wa farasi, ambaye sote twamwita Mzee, alinitazama viatu vile, akanipa brashi na koleo. Kwa wiki tatu nzima nilizoa mavi, nikachota maji, nikamsugua Gaju, na kumwongoza kwa kamba asubuhi na jioni. Siku moja uvumilivu ukanishinda.

"Mzee, tutaanza mbio lini?"

"Mwanangu, umekwisha mfundisha kusimama?"

"Kusimama anajua, Mzee."

"Haya, mwambie asimame."

Nilimwambia. Gaju akaenda hatua nne mbele, akainama, akala majani. Mzee hakucheka. Akasema, "Asiyejua kusimama hajui kukimbia. Anajua kutoroka."

Tangu siku ile nilianza kujifunza, nami nawapa kwa ufupi niliyoyaona. Farasi mchanga hufundishwa kwanza chini, bila mtu mgongoni: kufuata kamba, kusimama, kurudi nyuma, na kuzunguka kwa kamba ndefu kulia na kushoto. Halafu hufundishwa kutii hatamu. Hapo ndipo nilipopata jambo la ajabu: farasi hajifunzi unapovuta, hujifunza unapolegeza. Ukivuta kidogo naye akageuza kichwa hata kidogo tu, legeza papo hapo. Ndipo ajue kuwa amefanya vyema. Ukiendelea kuvuta, yeye hujifunza kuwa kutii na kukaidi ni mamoja.

Baadaye huja pipa, pipa moja tu, na kwa mwendo wa kutembea. Farasi hupelekwa mpaka karibu, akasimamishwa kabla hajafika, ili azoee kujikusanya na kuweka uzito juu ya miguu ya nyuma. Kisha hulizunguka, akiacha nafasi ileile pande zote, asilibane wala asilikimbie. Akiweza hayo kwa kutembea, huyafanya kwa mchakamchaka. Akiweza kwa mchakamchaka, huja shoti ndogo. Shoti kubwa ndiyo ya mwisho kabisa. Tena hapelekwi kwenye mapipa kila siku, kwa maana farasi akichoka na jambo hulichukia. Siku mbili kwa wiki zatosha. Siku nyingine hutembezwa mlimani, akaona watu na pikipiki na mbuzi, akapata akili. Aliyejifunza pikipiki hapa Kigali atanielewa. Kona haikatwi ukiwa ndani yake. Kasi hupunguzwa kabla ya kuingia.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Ilikuwa Jumamosi, mwanzoni mwa mwezi wa nane. Mzee alishuka Nyabugogo kununua pumba. Wenzangu watatu wa darasa langu walipanda mlima kunitembelea. Wakanikuta namzungusha Gaju polepole, kiwanjani palipokuwa na mapipa matatu tuliyoyapata kwenye magereji ya Gatsata. Mmoja akasema, "Tulisikia una farasi wa mbio, kumbe unachunga ng'ombe!" Wote wakacheka. Maneno hayo yaliniuma kuliko nilivyopaswa kuumwa. Nikampiga Gaju visigino.

Pipa la kwanza tulilipita salama, nao wakapiga makofi. Makofi yale ndiyo yaliyonipoteza. Pipa la pili tuliliingia kwa shoti. Gaju hakujua kujikusanya kwa mwendo ule, kwani hakuna aliyemfundisha. Aliinamisha bega ndani, nami kwa hofu nikavuta hatamu kwa nguvu zangu zote. Ardhi ilikuwa kavu, yenye changarawe. Miguu yake ya nyuma iliteleza, bega likagonga pipa, na goti langu likagonga pipa hilohilo. Pipa likaanguka kwa kishindo, likabiringika chini ya miguu yake. Hatukuanguka, lakini Gaju alisimama akitetemeka mwili mzima, na nilipotazama povu la mdomo wake niliona damu. Lijamu lilikuwa limemkata. Wenzangu walinyamaza, wakaaga, wakaenda zao.

Mzee aliporudi nilimweleza kila kitu, bila kuficha. Nilingoja anifukuze. Alimwosha Gaju kinywa kwa maji ya chumvi, akapapasa miguu yote minne mmoja mmoja, kisha ndipo aliponitazama. "Goti lako litapona kwa wiki moja," akasema. "Huyu nitamwambiaje kuwa pipa si adui?"

Ilituchukua wiki tano. Kwa siku nyingi Gaju hakutaka hata kuingia kiwanjani. Akiona pipa kwa mbali alisimama, akafungua pua, akageuka. Mzee aliondoa mapipa mawili, akaliacha moja, akaweka pumba yake juu ya kile kitako cha pipa. Siku ya kwanza Gaju alilala njaa. Siku ya tatu alinyoosha shingo mpaka ikaonekana kama itakatika, akala kidogo, akaruka nyuma. Mpaka siku niliporudi shuleni alikuwa anaweza kulizunguka pipa moja, kwa kutembea, huku sikio moja limelielekea. Kazi ya miezi niliiharibu kwa sekunde zisizozidi kumi, na kwa wiki tano tulikuwa hatujarudi pale tulipokuwa. Huyu ndiye farasi wanaotaka akimbizwe mbele ya mamia ya watu, kwa ngoma na vigelegele.

Sasa niwajibu wanaonipinga, maana nimewasikia wote.

Wa kwanza husema, "Samaki mkunje angali mbichi." Ni methali ya kweli, nami naikubali. Lakini methali yasema mkunje, haikusema mvunje. Wataalamu wa wanyama hutuambia kuwa mifupa ya farasi haikomai yote pamoja. Ile ya miguu hutangulia, na ile ya mgongo, ambayo ndiyo imchukuayo mtu, hukawia mpaka farasi apate miaka 5 au 6. Farasi wa miaka 3 aonekanaye mbele yako kama mtu mzima, ndani yake angali mtoto. Kumfundisha mapema kusimama, kugeuka na kumwamini mtu, huko ndiko kumkunja. Kumpigisha shoti na kumkatisha kona kali akiwa amebeba mtu mzima, hatari yake ni kumvunja.

Wa pili husema kuwa huko Marekani farasi wa miaka minne na mitano wana mashindano yao maalum, tena ya fedha nyingi. Ni kweli. Lakini fedha hizo hizo ndizo zinazowavuta wengine kuharakisha mafunzo, na farasi aliyeharakishwa huumia au huchukia kiwanja. Mimi nitawapa mfano mwingine wa huko huko. Mwaka 1984 msichana wa miaka 14 tu, Charmayne James, kutoka New Mexico, alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za mapipa. Akawa bingwa tena kila mwaka mpaka 1993, yaani mara kumi mfululizo, na farasi wake alikuwa yule yule mmoja, Scamper. Katika mashindano makuu ya mwaka 1985 hatamu za Scamper zilikatika wakiwa ndani ya kiwanja. Farasi akawa hana kitu cha kumshika kichwa, naye akayazunguka mapipa yake sawasawa, wakashinda mbio zile. Wanafunzi wengi wameiona picha ya mbio hizo, ndiyo iliyowatia moto. Lakini hawakuuliza umri wa farasi. Scamper alizaliwa mwaka 1977. Alipopata ubingwa wake wa kwanza alikuwa na miaka 7, na alipopata wa kumi alikuwa na miaka 16! Tazameni basi faida ya farasi aliyejua kazi yake kabla ya kushindanishwa. Hata hatamu zilipokatika, mafunzo hayakukatika.

Wa tatu husema kuwa haya ni mambo ya Wazungu, sisi tuna njia yetu. Nami nawauliza, njia yetu ni ipi? Mwaka jana darasa letu lilipanda basi hapo Nyabugogo likaenda Nyanza, kwenye makumbusho ya Rukari. Tuliwaona inyambo, wale ng'ombe wenye pembe ndefu. Mchungaji aliwaimbia kwa sauti ya chini, nao wakatulia, wakageuza vichwa, wakamfuata. Zamani za wafalme inyambo walifundishwa tangu wadogo kutembea kwa madaha, vichwa juu, wakapambwa kwa shanga, wakapitishwa mbele ya mfalme siku za sherehe. Ng'ombe mwenye pembe kama zile, akitishwa kidogo tu, aweza kuua. Waliomfundisha walitumia sauti, mkono na siku nyingi. Hiyo ndiyo njia yetu, na Mnyarwanda anayo methali yake: buhoro buhoro ni rwo rugendo, yaani polepole ndio mwendo. Mzee wa Mlima Kigali hakuhitaji kuvuka bahari kujifunza hayo; kabla ya kutunza farasi alichunga ng'ombe.

Wa nne ndio walio na hoja nzito, nao nawajibu kwa unyenyekevu. Wasema, "Fedha hizi ni za ada za maskini. Je, farasi ni bora kuliko mwanafunzi?" Ndugu zangu, mimi mwenyewe nisingefika darasa hili la mwisho kama si msaada wa wanafunzi wa zamani. Maharage ya mama yangu hayakutosha. Nikisema leo mchango huu upunguzwe, nitakuwa nakata tawi nililolikalia. Lakini sisemi upunguzwe. Nasema upatikane kwa njia isiyotuaibisha. Tutamwambia nini mzee wetu, aliyetukopesha mali yake kwa wema, akimrudisha nyumbani Gaju anachechemea? Na watazamaji waliolipa watafurahi kuona farasi anayetetemeka akikataa kuingia kiwanjani, huku mpandaji akimchapa?

Wala jambo hili si la farasi tu. Nikumbusheni mwaka wangu wa kwanza hapa. Wakubwa walinisimamisha mbele ya shule nzima nihutubu kwa Kiswahili, bila kunifundisha wala kunionya, ati nizoee. Nilisahau hata jina langu, wakacheka. Nilikaa miaka miwili bila kufungua kinywa katika mdahalo wowote. Aliyenirudisha ni mwalimu mmoja aliyeniita kila Alhamisi nimsomee ukurasa mmoja, yeye peke yake, mpaka sauti ikarudi. Mambo hayo yalikuwa yamenitoka moyoni. Gaju aliponyoosha shingo ile kutafuta pumba juu ya pipa, nikayakumbuka yote.

Basi napendekeza haya. Kwanza, mbio za farasi zifanywe na wale wakubwa wawili, ambao wamepita miaka 10 na wanayajua mapipa kama mimi nijuavyo njia ya kwenda bwenini. Pili, tuongeze mbio za baiskeli kuzunguka mapipa yale yale. Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani mwezi wa tisa mwaka 2025, mara ya kwanza katika bara la Afrika, na hapo Nyabugogo wapo vijana wabebao abiria kwa baiskeli ambao wangelipa kiingilio kwa furaha ili washindane na wanafunzi wetu. Baiskeli ikianguka hununuliwa mpira mpya. Haiogopi pipa baada ya hapo. Tatu, kama Mzee ataona yafaa, Gaju aongozwe kwa kamba, bila mpandaji, alizunguke pipa moja kwa kutembea, na watu wote wanyamaze. Nadhani wanafunzi wa zamani watapenda kuona hilo kuliko tunavyofikiri.

Kamati itakutana Jumatano. Nimeomba kusema mbele yao, na nikishindwa nitakubali uamuzi wao, ila wasinipe mimi hatamu za Gaju siku hiyo.

Mwaka kesho kutwa Gaju atakuwa na miaka 5, nami nitakuwa mmoja wa wanafunzi wa zamani. Kama ataachwa akue, mtaniona mlangoni siku hiyo, nami nitalipa kiingilio mara mbili.

Ni mimi ndugu yenu,
Mwanafunzi wa Mwaka wa Mwisho,
Nyabugogo.